Kamelia Kando ya Ziwa: Mafunzo Niliyopata kwa Kuotesha Mti wa Chai Musoma

Kamelia zipo spishi zaidi ya 200, na zote asili yake ni Asia. Afrika haina hata moja iliyozaliwa hapa. Zamani wataalamu wa mimea waliuhesabu Ficalhoa laurifolia, mti wa misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, kwenye ukoo mmoja na kamelia, lakini siku hizi wameuhamishia ukoo mwingine. Hata hivyo, kamelia moja imeingia katika kila nyumba ya Afrika Mashariki, asubuhi na jioni, na wengi wetu hatujawahi kuuona mti wenyewe ukiwa na umbo lake. Hiyo ni Camellia sinensis, mti wa chai.

Picha tuliyonayo vichwani ni ile ya Mufindi au Kericho: vichaka vimekatwa sawasawa usawa wa kiuno na wachumaji wanapita na vikapu mgongoni. Umbo hilo ni kazi ya panga. Mwituni, katika misitu ya Yunnan, Burma na Assam, mti wa chai hupanda mita kumi na zaidi. Mwaka 1823 Mskoti Robert Bruce aliikuta miti hiyo ikiota yenyewe Assam, wakati Wazungu wengi waliamini kwamba chai ni ya China peke yake. Huku kwetu ilifika baadaye: Limuru mwaka 1903, na Wajerumani wakaijaribu Amani, Usambara, na Rungwe miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne.

Mimi si mkulima wa chai. Naishi Makoko, Musoma, katika kiwanja chenye mawe mengi kuliko udongo. Nilitaka mti, si shamba: kamelia iachwe ikue jinsi ilivyo, itoe maua, na majirani waone kinywaji chao kinatoka wapi. Haya ndiyo niliyojifunza, na mengine yamewagharimu wenzangu wa Bunda na Butiama waliojaribu pamoja nami.

1. Ziwa ni moja, mvua ni mbili

Miche yangu ya kwanza ilitoka kwa mkulima mdogo wa Maruku, Bukoba. Niliisafirisha kwa meli hadi Mwanza, kisha kwa basi kupitia Lamadi na Bunda. Huko nilikoitoa inaota bila kubembelezwa. Bukoba ipo kando ya Ziwa Viktoria na Musoma ipo kando ya Ziwa Viktoria, kwa hiyo mtu asiye mwenyeji hudhani hali ni ileile.

Si ileile hata kidogo. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Musoma haifiki hata 1,000. Sababu ni upepo: kwa sehemu kubwa ya mwaka unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, unapita juu ya ziwa ukibeba mvuke, kisha unaumwaga ng'ambo, upande wa Kagera. Sisi wa upande wa mashariki tunaliona wingu likiondoka. Chai inataka angalau milimita 1,200, na inataka zigawanyike vizuri katika mwaka. Sisi tuna vuli, tuna masika, halafu kuanzia Juni hadi Septemba tuna vumbi.

Joto halikunisumbua kama watu walivyonitisha. Musoma ina nyuzi 28 hadi 30 mchana na usiku hupoa, na hapo chai inavumilia. Kinachoumiza ni hewa kavu. Hewa ikikauka sana, chipukizi husimama hata kama udongo una maji. Nilimwagilia mti mmoja Agosti nzima na haukutoa jani jipya hata moja, ila mawingu ya Oktoba yalipokusanyika ulichipua kabla tone la mvua halijadondoka.

2. Majivu ni sumu kwa mti huu

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu miti mingi ya chai inayokufa mikononi mwa watu haifi kwa kiu.

Kwetu majivu ni dawa ya bustani nzima. Sukuma wiki ina wadudu, mwaga majivu. Mchwa wamevamia mihogo, mwaga majivu. Mgomba umedumaa, peleka majivu na samadi. Na ni kweli, majivu yana potasi na chokaa, na mazao mengi huyafurahia. Shangazi yangu alipokuja kutoka Butiama akaikuta miche imepauka, hakuuliza kitu. Alikwenda jikoni akarudi na karai. “Mwanangu, hii mimea yako ina njaa.” Ilibidi nimpokee karai kwa mikono miwili, nimshukuru, na majivu niyapeleke kwenye migomba.

Chai inataka udongo wenye tindikali, pH ya 4.5 hadi 5.5. pH ikipanda juu ya 6, mti unaanza kuteseka. Majani machanga yanakuwa ya njano na mishipa yake inabaki ya kijani, kwa sababu madini ya chuma yamo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Baadaye kingo zinaungua, mti unadumaa, unakufa polepole huku mwenyewe akiongeza maji na samadi. Chai ni mti wa ajabu katika hili: udongo wa tindikali kali huachia madini ya aluminiamu ambayo huunguza mizizi ya mahindi, lakini chai huyanywa na kuyahifadhi katika majani yake makuukuu. Yaani udongo ambao bwana shamba anakuambia umechoka na unahitaji chokaa, huo ndio chai inaupenda.

Katika mashamba ya chai ya Kericho kuna mabaka ambamo vichaka havikui, na wenyeji wanajua sababu yake: mahali hapo palikuwa na nyumba, zizi au tanuri la mkaa. Majivu ya mafiga na kinyesi cha ng'ombe vya miaka mingi vimeugeuza udongo, na athari hiyo hudumu hata watu waliokaa hapo wakishasahauliwa. Sasa angalia viwanja vya Musoma. Kila kiwanja kilikuwa na jiko la nje, kila boma la zamani lilikuwa na zizi. Mahame ambamo maboga na tumbaku huota yenyewe kwa neema ndiyo mahali pabaya kuliko pote kwa chai. Rafiki yangu wa Butiama alichagua sehemu yenye rutuba kuliko zote katika eneo la babu yake, palipokuwa na zizi, na miche ikafia hapo mmoja baada ya mwingine. Tulipohamishia iliyobaki upande wa mlimani, kwenye kichanga chekundu ambamo hata mtama ulikuwa unanung'unika, ikashika.

Kwa hiyo pima kwanza. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza, wanapima udongo, na baadhi ya maofisa ugani wanavyo vipimo vidogo vya mkononi. Mchanga wetu utokanao na mawe ya matale una unafuu kidogo, mara nyingi hauko mbali na kiwango. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Bunda unaopasuka kiangazi na kunasa matairi masika, usijisumbue nao. Una chokaa, na pia unatuamisha maji, na chai haitaki miguu yake iloe.

Mimi nilichimba mashimo ya sentimita 60 kila upande, nikajaza udongo mwekundu wa vilima vya Tarime uliokwisha kupimwa, nikachanganya na majani yaliyooza. Kisha nikaweka unga wa salfa kiasi kidogo, uleule unaopuliziwa mikorosho Mtwara na Lindi. Vijidudu vya udongoni huugeuza kuwa tindikali, lakini huchukua miezi, kwa hiyo uwekwe mapema kabla ya kupanda. Mbolea ya kukuzia ni SA, yaani salfeti ya amonia. CAN usiiguse, maana imechanganywa na chokaa. Muuza pembejeo atakuambia zote ni naitrojeni tu. Mwambie asante, uchukue SA.

3. Mbegu ya chai haina subira

Watu waliniomba mbegu niwatumie kwa basi, zikae dukani, wazichukue wakipata nafasi. Haiwezekani. Mbegu ya chai ni ya duara, ya kahawia, ukubwa wa gololi, na ikikauka imekufa. Si kama mahindi unayoyaning'iniza juu ya moshi hadi msimu ujao. Ikidondoka kutoka kwenye ganda lake, iweke katika mchanga wenye unyevu au gunia lililolowa, na iende ardhini ndani ya wiki chache.

Kuzichuja ni rahisi: zitumbukize kwenye ndoo ya maji, zinazozama ni nzima, zinazoelea tupa. Zile nzima nilizitandaza kwenye mchanga mbichi, nikazifunika kwa gunia na kulilowesha kila siku. Ganda linapopasuka ndipo mbegu inapandwa kwenye kifuko, jicho likilala ubavuni, kwa kina cha vidole viwili.

Jambo moja zaidi kuhusu mbegu: mtoto hafanani na mama. Chai huchavushana na mti mwingine, kwa hiyo mbegu za mti mmoja zinaweza kukupa mche wa majani mapana kama ya Assam na mwingine wa majani madogo kama ya China. Kwa shamba la biashara hilo ni tatizo. Kwa bustani yangu ilikuwa raha, na nilibaini kwamba miche yenye majani madogo na magumu ilistahimili kiangazi chetu kuliko ile yenye majani mapana.

4. Jani moja linatosha kuzaa mti

Anayetaka mti ufanane na mama yake apande vipandikizi. Tangu wakulima wadogo wa Kenya walipoingia kwa wingi katika chai miaka ya 1960, chini ya mamlaka yao ya KTDA iliyoanzishwa mwaka 1964, njia hii imeenea kuliko mbegu.

Chagua tawi ambalo halijachumwa. Ncha laini ya juu tupa, na sehemu ya chini iliyokwisha kuwa ngumu na kahawia tupa. Katikati ndiyo mali. Kata vipande, kila kimoja na jani moja na kijiti cha sentimita tatu au nne chini yake, kwa wembe mkali. Udongo wa kwenye kifuko uwe wa chini, uliochimbwa chini ya udongo wa juu, usio na samadi, kwa sababu kipandikizi kisicho na mizizi kikikutana na uozo kinaoza nacho. Chomeka, mwagilia, funika kwa nailoni iliyofungwa kabisa ili mvuke usitoke, na juu weka kivuli cha makuti au nyavu.

Baada ya hapo acha. Hili ndilo gumu kwa watu wetu, kwa sababu tunapenda kufunua na kuangalia. Kila ukifunua, hewa kavu ya Musoma inaingia. Mizizi hutoka baada ya miezi mitatu au minne. Kisha kivuli kinapunguzwa kidogo kidogo, na mche uko tayari kwenda shambani unapokaribia mwaka.

5. Kusanya maji ya bati

Maji ya mvua yana tindikali kidogo, na ndiyo yanayofaa. Maji ya ziwa, hasa ufukweni penye mwani mwingi, huelekea upande wa pili. Mara moja moja hayaui, lakini ukimwagilia hayohayo kiangazi chote unaupandisha udongo ulioupigania. Simtanki chini ya mchirizi wa bati inatosha kabisa kwa miti michache.

6. Kivuli mwanzoni, mawe chini, na usimkaribishe mchwa

Mchana upepo wa ziwani unapiga Makoko bila huruma. Mashamba makubwa hutumia mgrevilea kukinga upepo, na mimi nilikuwa nao mmoja tayari. Wenzangu walitumia makuti na mabua kwa mwaka wa kwanza, wakafanikiwa.

Kutandaza nyasi kavu juu ya shina ni ushauri wa kila kitabu, na Bukoba unafanya kazi. Musoma nyasi kavu ni mwaliko kwa mchwa, na mchwa akimaliza nyasi anageukia shina. Kwa kuwa majivu hayaruhusiwi, niliweka mawe. Vipande vya matale, ambavyo kiwanja changu kina vya kugawa, nikavipanga kuzunguka shina bila kuligusa. Vinazuia jua, vinatunza unyevu, na mchwa hana cha kula. Ila yasiwe mawe ya chokaa.

Kiangazi pia huleta utitiri mwekundu, ambao huyafanya majani yawe na rangi ya shaba. Kuyaosha kwa maji upande wa chini wa jani kila baada ya siku chache kulitosha.

7. Amua mapema: mti au meza

Ukitaka kuchuma, mche ukifika magotini ukatwe ili utawanyike, na uendelee kukatwa hadi uwe na uso bapa. Ukitaka mti, uache, ondoa tu matawi yaliyokauka na yale yanayolala chini. Huwezi kupata vyote kwa mti mmoja: anayechuma kila wiki haoni ua.

Nami niliacha miwili ikue na mmoja nikaukata kwa ajili ya kuchuma. Ule wa kuchuma unanipa majani mawili na chipukizi, hasa wakati wa masika. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo kutoka kwenye kichaka kimoja usitegemee kuacha kununua dukani. Kuitengeneza ni kazi ya jikoni. Majani yanyauke usiku kucha, yasokotwe kwa viganja hadi yatoe maji, yaachwe saa chache hadi yageuke rangi ya shaba, kisha yakaushwe kwenye kikaango kwa moto mdogo. Ladha yake ni laini kuliko ya pakiti. Shangazi aliionja akasema ni chai ya wagonjwa, akaomba maziwa.

8. Ua linahitaji mwenzake

Maua ya chai ni meupe, yana kitovu cha njano, yanainama chini ya majani na yananukia taratibu. Nyuki wanayajua kabla ya mwenye bustani. Lakini mti mmoja peke yake, au miti kadhaa iliyotokana na vipandikizi vya mama mmoja, hutoa maua mengi na mbegu chache sana, kwa sababu hujikataa yenyewe. Panda angalau miwili ya asili tofauti. Baada ya ua kukubali, tunda lenye vyumba vitatu huchukua karibu mwaka kukomaa, na mara nyingi utakuta maua mapya na matunda ya mwaka jana kwenye tawi moja.

9. Usiigeuze bustani kuwa ndoto ya biashara

Mara tu miti yangu ilipoonekana barabarani, maswali ya biashara yalianza. Swali zito kuliko yote lilitoka Bunda. Ndugu zetu wanaopakana na Serengeti wanapoteza mahindi na mihogo kwa tembo, na mmoja wao alikuwa amesikia kwamba tembo hawali chai. Alisikia sawa. Kenya ilianzisha Nyayo Tea Zones mwaka 1986, mikanda ya chai kandokando ya misitu, na sababu mojawapo ya kuichagua chai ni kwamba wanyama hawaipendi. Uganda nako wameipanda pembeni mwa msitu wa Bwindi kwa fikra hiyohiyo.

Lakini misitu hiyo iko juu milimani, ina mvua na udongo mwekundu. Ukanda wa Bunda una mbuga nyeusi na kiangazi kirefu. Nilimwambia mzee huyo kwamba pilipili na mizinga ya nyuki vitamsaidia kuliko chai, na msimamo wangu haujabadilika. Katika mkoa wetu, mwenye hamu ya chai ya kuuza atazame vilima vya Tarime, ambako kahawa ya arabika imestawi kwa miaka mingi. Hata huko aanze na soko, kwa sababu jani la chai lililochumwa lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo.

10. Karatasi kwanza, miche baadaye

Kisii ni karibu kwetu kuliko Bukoba, na chai imejaa huko. Wengi wanafikiri ni suala la kuvuka Sirari na kurudi na mfuko wa miche chini ya kiti. Mimea hai inayovuka mpaka inahitaji kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa upande wa Kenya. Sheria hiyo si usumbufu wa bure: ugonjwa mmoja uliojificha kwenye udongo wa kifuko unaweza kuingia katika migomba na mihogo ya jirani asiyekunywa hata hiyo chai. Ndiyo maana mimi nilizunguka kwa meli.

Ukiamua kujaribu, peleka udongo wako Ukiriguru kabla hujanunua mche, chimba shimo Januari, tia salfa, na panda masika yakianza. Na ukiwa na miti iliyokwisha kutoa mbegu, gawia mtu wa mtaani kwako wiki hiyohiyo zilipodondoka.